Friji Limeugua, Binti Asijue

Jumatatu, 4 Machi
Friji haligandishi. Maziwa yamechacha. Sijamwambia mtu! Binti yangu aliapa: kifaa kingine cha umeme kikiharibikia mikononi mwangu, ananifungasha virago nikaishi kwake, chumba kimoja na mama mkwe wake anayekoroma kama trekta. Eti birika la umeme nililiunguza mimi. Liliungua lenyewe! Na Ijumaa anakuja.

Jumanne, 5 Machi
Nimelizaba friji kofi la ubavu. Likanguruma, likanyamaza. Nikashika bisibisi nilifungue mgongo. Jirani, mbea wa mtaa, akachungulia dirishani akapiga yowe: bibi, chomoa plagi kwanza, utakufa! Nikamjibu nimeshika umeme kabla hajaota meno. Uongo mtupu. Alipoondoka nikachomoa. Bisibisi sikuigusa tena.

Jumatano, 6 Machi
Fundi yuko kwa jirani, anatengeneza feni. Nikaenda kuomba chumvi, nikakaa saa nzima kuiba maneno. Fyuzi: inakatika yenyewe ili nyumba isiungue. Thamostati: inapima baridi. Kompresa: moyo wa friji. Nikarudi mbio, nikachomeka, nikazungusha thamostati hadi mwisho. Mgongo wa friji ukawa moto kama tanuri! Nimechomoa.

Alhamisi, 7 Machi
Maji yamenifika shingoni, nimemwita fundi. Nikamwamuru: kompresa imekufa, badilisha! Akazunguka nyuma, akacheka mpaka akashika ukuta. Kumbe gauni nililolishonea friji, la marinda, kichwani hadi visiginoni, limeziba hewa. Tena nimelibana ukutani. Akasema nimelivisha koti halafu nashangaa linatoka jasho. Hana adabu! Akalivua, akalivuta mbele shibiri moja, akachomeka. Alasiri likapoa.

Ijumaa, 8 Machi
Binti kaja. Kafungua friji: barafu! Akauliza nani kalitengeneza, maana jirani kashamwambia liliharibika. (Ulimi ule!) Nikasema mimi. Kompresa ilikosa pumzi. Akasema: basi baki kwako, mama, kumbe unaweza. Nikashusha pumzi ya siku tano.

Halafu akatoa pasi yake mkobani. Haipati moto, nimtengenezee.

Fundi wa nini? Nimeitazama mara moja tu nikajua: kompresa. Ngoja niichomeke, ikishanguruma ndipo niifungue.