Ngazi ya Ufasaha ya Saba B

Jumatatu, 4 Novemba

Tangazo kwenye chumba cha walimu. Mkaguzi, Bwana Hamida Tarhuni, atafika wiki ya tatu ya mwezi. Anataka kuona jinsi kila mwalimu wa lugha anavyotumia alama za darasani kuboresha insha za wanafunzi na kuwatia hamu ya kuandika. Akimaliza, kila mwalimu naye anapewa alama yake, kati ya ishirini. Mimi nina kumi na nne na nusu, mwaka wa tano huu. Radhia wa Saba A ana kumi na saba. Radhia! Mimi ndiye niliyemwonyesha chaki zinakaa wapi siku yake ya kwanza. Sasa anakoroga chai yake polepole, kama watu wa kumi na saba wanavyokoroga.

Safari hii atanitambua.

Jumanne, 5 Novemba

Nimepata mpango. Wakaguzi hupenda kuona alama zimepanda. Ili kitu kipande, lazima kianzie chini. Basi insha ya kwanza nitaisahihisha kwa ukali, ya pili kwa huruma. Rahisi mno, nashangaa hakuna aliyewaza. Nimemweleza mke wangu Zakia. Akauliza, Baba Anis, huo si udanganyifu? Nikamwambia unaitwa takwimu. Akarudi kwenye njegere zake.

Watoto wote ishirini na wanane wameandika juu ya mtu wanayempenda nyumbani.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimesahihisha. Wastani: sita na robo. Safi kabisa!

Mmoja tu amenisumbua. Wisal Mzughi, msichana wa dawati la nyuma. Kila mtoto wa nchi hii anajua insha inaanzaje: jua lilituma nyuzi zake za dhahabu. Mimi nilianza hivyo, na baba yangu alianza hivyo. Wisal ameanza na vidole vya bibi yake, mfumaji wa mazulia. Eti vinanuka sufi hata siku ya Idi. Hakuna jua. Hakuna methali. Nimempa nne. Insha yake nimeisoma mara mbili, sijui kwa nini.

Ijumaa, 8 Novemba

Ngazi ya Ufasaha niliyoichora imetundikwa ukutani! Karatasi mbili za manila, rangi nne, na kibanio cha nguo chenye jina la kila mwanafunzi. Zakia anavitafuta vibanio vyake, nimenyamaza. Wanapanda kwa pointi: pointi kwa jua, pointi kwa methali, pointi kwa kila mistari mitano. Nadhir, ambaye kwa kawaida hulala kipindi kizima, aliuliza kama majua mawili ni pointi mbili. Hamu hiyo! Nikasema ndiyo.

Kibanio cha Wisal kiko chini kabisa. Alikitazama, akafunga mkoba wake.

Jumatatu, 11 Novemba

Insha ya pili: usiku umeme ulipokatika mtaani kwetu. Maajabu. Jua limewaka katika insha ishirini na saba. Nadhir peke yake ana majua manne. Ameandika: “Jua lilituma nyuzi zake za dhahabu, tukaanza kutafuta mishumaa.” Kumi na sita! Wastani umeruka hadi kumi na nne.

Ungekuwa kumi na nne na nusu kama si Wisal. Ameleta karatasi yenye jina na tarehe basi. Nikamwuliza anaumwa? Hapana, mwalimu. Sasa nini? Akasema umeme ulipokatika kwao hapakuwa na jua, na yeye bila jua hapandi, sasa aandike ya nini.

Sifuri. Na mkaguzi ataiona.

Jumanne, 12 Novemba

Nimemwomba mkuu wa shule amhamishie Wisal Saba A, kwa wiki moja tu. Amekataa. Nikampa Wisal makrudhi matatu kutoka kopo la Zakia, vikeki vya tende vilivyolowa asali. Akala, akashukuru, akalamba vidole. Hakuandika neno.

Ikabidi nimwendee Radhia. Nikamwambia nauliza kwa niaba ya binamu yangu, mwalimu wa Safakisi, ana msichana aliyegoma kuandika. Radhia akaniuliza kama binamu huyo naye huiba vibanio vya mkewe. Walimu wote wakacheka. Kisha akasema, mwambie binamu yako aache kuhesabu kidogo. Asome insha ya yule mtoto kama barua aliyoandikiwa yeye, halafu amwulize jambo ambalo kweli anataka kulijua.

Basi hiyo ndiyo akili ya kumi na saba. Nimesikitika.

Jumatano, 13 Novemba

Jana usiku niliisoma tena ile insha ya bibi. Kwa uchunguzi tu. Macho ya bibi yamefifia. Watoto wake wakasema mtambo wa kufumia unajaza chumba bure, wakaung'oa, wakaweka televisheni. Wisal akalificha donge la mwisho la sufi kwenye mkoba wake wa shule. Mwisho.

Machozi yalinitoka. Zakia alikuwa akikata vitunguu. Jikoni, mlango umefungwa, lakini vitunguu vya mwaka huu ni vikali.

Nilitaka kujua. Nasema kweli, nilitaka kujua. Nikaandika chini kwa kalamu ya risasi: “Kisha ule mtambo ulikwenda wapi?” Asubuhi hii nikamrudishia.

Ijumaa, 15 Novemba

Kurasa tatu! Hakuna aliyemwagiza. Aliziweka mezani kwangu akakimbia. Mtambo uko juu ya paa la mjomba wake, kuku wanalala juu yake. Kila alasiri bibi anapanda ngazi kwa kupapasa, anawafukuza kuku, anamfundisha Wisal kufunga mafundo akiwa amefumba macho, maana anasema mafundo hayahitaji macho. Jua limo, moja, linamchoma bibi shingoni.

Nimempa pointi moja ya jua. Nimefurahi sana, mpaka nikamwachia Radhia kiti cha karibu na dirisha.

Jumanne, 19 Novemba

Mkaguzi. Mtu mfupi, mpole, viatu vimeng'arishwa. Nilimwonyesha ngazi kwa kijiti. Sita na robo, kumi na nne! Akaniuliza kwa upole mwezi uliopita walikuwa na ngapi. Nikakohoa. Akachukua rundo la insha, akasoma ya Nadhir kwa sauti. Kisha akauliza kama hapa Kairawani jua nalo hufanya kazi kwa zamu za usiku. Darasa likaangua kicheko. Radhia, aliyekuwa amekuja kuazima chaki, alicheka kuliko wote. Chaki anazo sanduku zima!

Ndipo akafika kwenye kurasa tatu za Wisal. Akavuta kiti kidogo cha Nadhir, akakaa, akasoma. Alipomaliza alimwuliza Wisal, binti yangu, wiki iliyopita hukuandika kitu, imekuwaje? Nilijua nimekwisha. Wisal akainuka, akasema: “Mwalimu aliniuliza swali. Nikaona alikuwa anataka kujua.”

Sijui nilikuwa natazama wapi. Nadhani sakafu.

Amenipa kumi na tano na robo. Akasema ngazi niikunje. Akasema robo tatu yote niliyoongezewa ni ya ule mstari mmoja wa kalamu ya risasi, na amefurahi kuusoma kuliko karatasi zote za manila. Mlangoni akageuka: bado ishirini na saba, Bwana Munji, nao waulize.

Jumatano, 20 Novemba

Nimepiga hesabu. Mstari mmoja, robo tatu. Mistari ishirini na minane, alama ishirini na moja. Ukijumlisha na kumi na nne na nusu zangu: thelathini na tano na nusu. Kati ya ishirini! Radhia kwisha habari yake. Na huyu mkaguzi atarudi Februari.

Baada ya vipindi nilikwenda kwa fundi mihuri karibu na soko la mazulia. Akaniuliza ni muhuri wa ofisi gani. Nikamwambia wa fasihi.

Ijumaa, 22 Novemba

Muhuri ni mzuri mno. Wino wa zambarau, herufi zimekaa sawa: KISHA ULE MTAMBO ULIKWENDA WAPI? Nimegonga insha zote ishirini na nane kwa dakika nne. Nadhir, aliyeandika juu ya mpira wa binamu zake, alinyoosha mkono akauliza mtambo gani, mwalimu? Mtoto hana hamu huyu. Nimekishusha kibanio chake hadi chini ya ngazi, ambayo bado sijaikunja.

Wisal aliutazama muhuri kwenye kurasa zake za paa na kuku. Akaniuliza taratibu kama zile kurasa sikuzisoma.

Nikamwambia nimezisoma sana, ndiyo maana zake nimezigonga mara mbili.