Kanzu Kumi na Tisa za Kwenda Amani

Jumanne, 2 Novemba 1954

Nimeanza daftari leo. Mtu wa cheo changu anastahili kuandikwa, na kwa kuwa hakuna aliyejitokeza, nitajiandika mwenyewe. Sadalla bin Kombo, dobi, Barabara ya Nane, Ngamiani. Tanga nzima hakuna anayenishinda kwa pasi. Kanzu nikiitia wanga mimi, inasimama yenyewe! Barabara ya Tisa yuko Laurenti, Mbondei wa Muheza, naye anajiita dobi. Anafua. Hata mvua inafua.

Habari kubwa. Meneja wa hoteli ya bandarini anataka dobi mmoja wa kudumu. Mashuka, foronya, vitambaa vya meza, vyote kwa mtu mmoja. Atachagua wiki ijayo baina yangu na Laurenti. Nikiipata kazi hiyo, nitatundika kibao mlangoni. Nikiikosa, nitazeeka nikifua kaptura za makarani.

Mke wangu Mastura kasema nimalize kwanza kanzu za watu zilizojaa chumbani. Ziko sitini na mbili, na Maulidi ni Jumatatu. Mastura ni mwanamke mwema, ila haoni mbali.

Jumatano, 3 Novemba

Tadeo, karani wa ofisi ya meli, kaja kuchukua shati lake. Kaniambia Ijumaa itatia nanga meli ya watu wanaozunguka dunia kwa starehe zao. Wageni kumi na tisa watapanda milimani Amani Jumamosi kuutazama msitu. Ofisini wamechanganyikiwa, maana wageni wanauliza wavae nini, na hakuna anayejua la kuwajibu.

Hakuna anayejua! Na mimi nimekaa hapa!

Nikamwamuru Tadeo atoe kalamu aandike. Kaptura marufuku, kule kuna upupu, siafu na miiba. Viatu vya wazi marufuku. Shingo isiachwe nje, jua la mwezi huu halina adabu. Nguo ya Amani iwe nyeupe, ndefu, pana, yenye mikono mirefu, na ipitishe upepo. Chepeo kichwani. Basi. Tadeo akauliza nguo ya namna hiyo wageni wataipata wapi kwa siku mbili.

Nyeupe. Ndefu. Pana. Mikono mirefu. Nikageuka polepole nikatazama chumbani.

Sharti langu ni moja tu. Nahodha aniandikie barua ya sifa yenye mhuri wa meli, niipeleke kwa Meneja. Laurenti hana barua ya nahodha yeyote, hata wa ngalawa. Tadeo, ambaye ni mwoga kwa maumbile, akauliza wenye kanzu watasemaje. Nikamweleza kwamba zitatoka asubuhi na kurudi jioni, na wenyewe hawazivai mpaka Jumatatu. Nguo ikilala sana inaota ukungu. Nawafanyia hisani.

Ijumaa, 5 Novemba

Baada ya sala nimekwenda bandarini kuwaona watu wangu. Masikini! Bwana mmoja mrefu amevaa kaptura fupi kuliko adabu, magoti yameshaiva. Mwingine, mnene, shati la maua, vifungo vinalia. Bibi mmoja kavaa viatu vyenye visigino vya kama misumari, kila hatua anazama mchangani, mabwana wawili wanamng'oa.

Laurenti naye alikuwepo. Anawaambia kwa Kiingereza chake cha misheni kwamba wavae suruali ndefu wazichomeke ndani ya soksi, wavae viatu vya kufunga, na kila mtu achukue koti la mvua. Koti! Tanga! Nilicheka mpaka wachukuzi wakageuka. Laurenti akanijibu kwa upole kwamba kwao milimani mvua haiombi ruhusa. Mbondei na mvua zake. Bahati njema wageni walisikia joto kutajiwa koti tu. Wakanigeukia mimi.

Nilipofika nyumbani nikamkuta Shehe Jumbe barazani. Shikamoo, Shehe. Marahaba. Yeye ndiye atakayesoma Maulidi, na aliulizia kanzu yake ya kitambaa cha melimeli, ile yenye darizi shingoni iliyoshonwa Unguja kwa miezi mitatu. Nikamwambia iko tayari, inapumzika. Sikusema uongo. Jumamosi ilikuwa bado haijafika.

Jumamosi, 6 Novemba, asubuhi

Nimewavika. Bwana mrefu kanzu imemfika magotini, hakuna la kufanya. Mnene nimempa ya Mzee Shaame mpiga matari, imemkaa kana kwamba alipimwa yeye. Tatizo moja tu, wageni sita ni wanawake. Hilo sikuwa nimelipangia. Nikamwambia Tadeo awafasirie kwamba kanzu ni vazi la kiume, lakini yule bibi wa visigino alikwisha kuiona ya Shehe. Akaivaa. Akazunguka mara tatu. Wenzake wakapiga makofi.

Wamepanda lori saa moja na nusu. Kanzu kumi na tisa, wanga mtupu, mikunjo ya kukatia limau, machepeo juu. Nimesimama barabarani mpaka vumbi lilipotua. Machozi yalinitoka, na siyaonei haya. Tanga haijapata kutoa watu waliovaa vile kwenda porini.

Jioni

Wamerudi.

Mvua ilianza saa nane. Laurenti alikwenda nao kuwabebea vyakula, na ndiye aliyenisimulia, tena bila kucheka, jambo lililoniudhi zaidi. Wanga ukalowa ukawa uji. Kanzu zikawaganda miguuni wakawa wanatembea hatua za bata. Wakateleza kwenye udongo mwekundu, wakainuka, wakateleza tena. Halafu wakakata njia kwenye kichaka ambacho chote kilikuwa upupu uliokomaa.

Lakini hakuna mguu hata mmoja uliowasha! Upupu wote ulibaki kwenye kanzu. Nani alisema nguo iwe ndefu? Mimi! Laurenti kakubali. Ila kaniambia kanzu zile zisiguswe na mtu mpaka zichemshwe, zisuguliwe na zianikwe juani siku mbili. Nikamwambia nilishika sabuni yeye hajashika titi la mama yake.

Jambo moja lilinitia baridi. Lori lilipita Ngamiani, na Shehe Jumbe alikuwa barazani kwake. Baada ya magharibi akaja kwangu. Kasema kamwona mwanamke wa Kizungu amevaa kanzu yenye darizi ile ile kama yake. Akasema mashallah, hata Wazungu sasa wanajua kilicho kizuri. Nikasema kweli kabisa, Shehe.

Jumapili, 7 Novemba

Hakuna jua. Pipa langu ni moja. Kuchemsha kanzu kumi na tisa kwataka kuni za siku mbili, na mimi nina siku moja. Dobi wa kawaida angelia. Mimi nimetumia akili. Nimefua pindo tu, kwenye matope yanayoonekana. Juu, mahali pasipo na doa, nimepiga pasi kwa wanga wa nguvu. Wanga unafunika mengi.

Udongo wa milimani hautoki. Nimezidisha buluu, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Pindo zimepata rangi ya waridi inayoelekea zambarau. Ukiitazama kwa nia njema, inapendeza.

Mastura kanisaidia kukunja kanzu tatu, akaanza kujikuna mikono, akasema maneno ambayo sitayaandika katika daftari la heshima. Nimemwambia ni jivu la mkaa. Mimi nami ninawashwa. Sabuni za siku hizi mbovu.

Jumatatu, 8 Novemba

Maulidi yamesomwa uwanjani baada ya alasiri. Nimekaa safu ya mbele. Kanzu sitini na mbili, zote mkono wangu! Watu waliokuja kutoka Pangani walikuwa wakiulizana dobi ni nani. Nilikohoa kidogo ili wanione.

Mwanzo ulikuwa mzuri sana. Kisha jua likatoka, watu wakatokwa na jasho.

Mzee Shaame alikuwa wa kwanza. Tari likamponyoka. Halafu safu yake. Halafu safu ya nyuma. Tuliposimama kwa kiyamu kumsalia Mtume, watu kumi na tisa walikuwa wakipinda migongo, wakitikisa mabega, wakisugua shingo, na sauti zao zimepanda juu kuliko mwaka wowote. Wapangani wakastaajabu. Nilimsikia mmoja akisema watu wa Tanga wana mapenzi makubwa na Mtume, na wenzake wakaanza kutikisa mabega nao. Shehe Jumbe alisoma mpaka mwisho bila kukosa herufi, jasho likimchuruzika, mkono mmoja mgongoni. Nilijivunia yeye. Nilijivunia wote.

Tungemaliza salama kama si kahawa. Alipokwisha kunywa, Shehe akatia mkono mfukoni atafute leso ya kufutia midomo. Akatoa kitana. Cha kike, cha waridi, kimenasa nywele ndefu za rangi ya mahindi.

Mkewe, Bi Asmahani, alikuwa upande wa wanawake, nyuma ya pazia. Pazia likafunuka. Shehe alikitazama kitana, akalitazama pazia, kisha akanitazama mimi. Nikajua lile lori limemrudia kichwani. Nikaondoka bila kumaliza halua.

Jumanne, 9 Novemba

Wazee wameketi barazani kwangu toka asubuhi. Shehe macho mekundu, kalala barazani kwake, Bi Asmahani kafunga mlango kwa komeo. Hukumu ni hii. Nikamweleze Bi Asmahani mbele ya mashahidi, kisha nichemshe kanzu zote sitini na mbili, maana upupu umekwisha hamia kwenye kanzu zilizokaa jirani.

Kwa Bi Asmahani nilisema kweli tupu. Nilimwambia mwanamke wa Kizungu aliivaa kanzu ya Shehe, ndiyo, lakini Shehe hakuwa ndani yake. Haikusaidia. Ikabidi aitwe Tadeo na orodha ya wageni. Mwisho Bi Asmahani akacheka mpaka akashika nguzo. Shehe hakucheka. Kaniambia neno moja tu, kwamba kanzu ile alishonewa aisomee Maulidi, na mimi nimeipeleka kuchezea matope. Niliona haya kweli kweli.

Nilipofika uani nikamkuta Laurenti na mapipa mawili na kuni mgongoni. Hakuna aliyemwita. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema, "Ndugu Sadalla, watu hawamtukani dobi mmoja. Wanatutukana wote." Tukachemsha mpaka jioni. Nilitaka kumshukuru, lakini nikaona anavyokunja mikono ya kanzu. Kinyume kabisa! Nikashughulika kumrekebisha, shukrani ikapitwa na wakati.

Alhamisi, 11 Novemba

Barua imefika! Mhuri, saini, karatasi nzito. Tadeo kanifasiria. Nahodha anasema wageni wake wamerudi bila mkwaruzo wala shingo kuungua, na kwamba katika safari nzima hawajapata kucheka kama siku ile. Wanamshukuru kwa dhati bwana mwema aliyewaazima nguo zake za kulalia.

Za kulalia! Nilitaka kuichana. Lakini mhuri ni mhuri. Nikavaa kofia yangu ya kiua, nikaenda hotelini.

Meneja kasoma. Kacheka. Kamwita mkewe naye asome. Wamefuta machozi kwa leso moja. Nikajua nimeshinda, nikaanza kufikiri kibao kiandikwe rangi gani. Kisha akasema kwa Kiswahili kizuri tu kwamba habari za Maulidi zimemfikia, na hoteli yake inataka dobi ambaye shuka likitoka kwake, limelaliwa na wageni wa hoteli peke yao. Kazi kampa Laurenti.

Nimerudi kwa njia ya mbali nisikutane na mtu. Imeniuma, sikatai. Mastura kapakua wali, sikuweza. Akakaa karibu yangu akanipepea, na hapo ndipo nilipojua mambo ni mabaya.

Jumamosi, 13 Novemba

Haki haipotei! Laurenti kaja kwangu asubuhi. Kazi ya hoteli inamwelemea. Kufua anaweza, pasi hawezi. Kasema kwa kinywa chake, mbele ya Mastura, kwamba Tanga nzima hakuna mpiga pasi kama mimi. Kaniomba tufanye pamoja, yeye afue, mimi ninyooshe. Nilimwacha aombe mara mbili. Kisha nikamkubalia, maana sina kinyongo na wanaonihitaji.

Kaniachia ufunguo wa chumba cha nguo cha hoteli na kwenda kwao Muheza kumwona mama yake. Anaamini watu upesi, ni tabia nzuri. Nimeingia peke yangu. Mashuka mia mbili na arobaini! Meupe, marefu, mapana, yamepangwa mpaka dari. Nimesimama katikati yake nikavuta pumzi.

Tadeo kapita mchana. Meli nyingine inakuja Ijumaa. Wageni thelathini, na hawa wanakwenda mapango ya Amboni. Wanauliza wavae nini. Kanitazama, kisha kaomba nisimjibu. Lakini mtu mwenye elimu hawezi kuinyima dunia. Pangoni kuna giza, baridi, na popo wanaodondosha mambo yao juu ya watu. Inatakiwa nguo nyeupe ili mtu aonekane, pana imkinge baridi, na ndefu ya kutosha kufunika kichwa. Nimekaa nimeyatafakari sana yaliyopita, na kosa langu nimeliona. Kanzu ina mfuko. Shuka halina.

Nimemwamuru Tadeo atoe kalamu aandike: kila mgeni shuka moja, wanene mawili.