Ombi la Kuahirisha Harusi kwa Ajili ya Karata

Sepuka, Singida
Juni, 1974

Ndugu Katibu Kata,

Baada ya salamu, napenda kukujulisha kuwa mimi ni mzima, alizeti imeshavunwa, na sina ugomvi wowote na Serikali wala Chama. Nina malalamiko tu juu ya agizo lako la Jumatatu, kwamba nitaje tarehe ya harusi ya binti yangu Dorika na kijana Simoni, kwa kuwa mahari nimekwisha kuipokea na sababu zangu za kuchelewesha hazieleweki. Sababu ni hizi.

1. Ndugu, mimi ni mtafiti. Nilipokuwa Keya, jeshi la Mwingereza, kule Burma, niliona askari wakicheza karata za ishirini na moja. Mgawaji anakupa karata, unajumlisha. Anayekaribia zaidi ishirini na moja ameshinda, anayezidi ameshindwa. Nikajiuliza kama mtu hawezi kujua karata zilizobaki. Hakuna aliyenifundisha. Nimejifunza mwenyewe, jioni baada ya kazi za shamba la kijiji, kwa kuchezea karanga za kukaanga, maana kuchezea fedha ni kamari nami si mhuni. Unajua kwetu ng'ombe hawahesabiwi kwa kidole. Unasimama mlangoni mwa zizi, unawatazama wanaoingia, unajua nani bado yuko porini. Karata nazo ni vivyo hivyo. Ndogo zikishapita, najua kubwa bado ziko porini. Basi mimi natulia, na mgawaji akijitia kuongeza, anazidi. Kama hii si elimu ya kujitegemea, sijui ni ipi.

2. Elimu hii imethibitishwa kwa Simoni. Mwaka mzima amekuwa mgawaji wangu, na hajanishinda hata mara moja. Hesabu yangu ina nguvu kiasi kwamba hata akiwa na kumi na tisa mkononi anajikuna shingo, anachukua nyingine, anazidi. Nimemwona akifanya hivyo akiwa na ishirini.

3. Jirani yangu Manase hafai kwa utafiti. Akifika kumi na nane anasimama. Nimemweleza kwa upole kwamba kwa mujibu wa hesabu anapaswa kuongeza. Akakataa, akala karanga zangu. Mtu wa namna hii anarudisha nyuma maendeleo ya kijiji. Naomba aitwe ofisini aonywe.

4. Hapa ndipo penye uchungu. Kwa mila yetu, mkwe hakai mkeka mmoja na baba wa mkewe. Leo Simoni ni kijana wa jirani tu. Akishaoa atanisalimu kwa mbali, kichwa ameinamisha, na karata basi. Tangu mama Dorika afariki, jioni zangu ni huo mkeka. Utaniondolea binti na mgawaji siku moja, Ndugu Katibu, nami nitabaki na Manase.

5. Kwa hiyo naomba harusi iahirishwe hadi utafiti ukamilike, yaani miaka kumi hivi. Dorika amelia sana. Nimemweleza kuwa taifa linahitaji wataalamu. Ikiwa miaka kumi ni mingi, basi Simoni aajiriwe na kijiji kuwa mgawaji wa kudumu, na Dorika aolewe na mtu mwingine asiyejua karata. Mpwa wa Manase bado hajaoa.

Nisalimie mama watoto, karani wako, na wazee wote wa baraza.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Melkizedeki Mughwai
Mkulima na Mtafiti

Nyongeza: Kabla ya kufunga bahasha nilimwita Simoni nimsomee, apate kujivunia. Nilipofika namba mbili akaanza kutazama chini. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Mzee, nisamehe. Nilikuwa nazidisha makusudi. Ningekushindaje, na huku nakuomba binti?" Nikamwamuru agawe kama anavyomgawia mtu baki. Amenifunga mpaka karanga zikaisha, na hesabu nilikuwa naifuata sawasawa. Nilikasirika, kisha hasira ikanishinda kuishikilia. Kijana aliyekubali kuonekana mjinga mbele ya kijiji kizima, mwaka mzima, kwa ajili ya Dorika, nitampata wapi mwingine? Harusi ni Jumamosi. Karatasi nyingine sina, kwa hiyo barua hii hii uipokee kama mwaliko.