Ombi la Kufutiwa Muujiza wa Naipanoi

Kwako Mchungaji Maweu,
Kanisa la mabati, karibu na soko la mbuzi,
Kitengela.

Bwana asifiwe, Mchungaji. Mimi ni Parmuat, baba yake Naipanoi, yule msichana wa miaka tisa asiyetembea, asiyesema, na anayelishwa kwa kijiko. Nakuandikia kwa heshima zote, ingawa nimekasirika sana. Naomba uufute muujiza wako.

1. Jumapili ulitangaza kwa spika kwamba Naipanoi amepona. Mchungaji, mtoto alicheka tu. Humcheka mpiga gitaa wako kila wiki. Sisi wengine hujizuia kwa adabu.

2. Spika zako zinasikika mpaka kwenye ploti ya karani anayehakiki orodha ya watoto wanaopata msaada wa serikali. Jumatatu jina la Naipanoi likaondolewa. Msaada huo ndio nepi zake, uji wake na dawa yake ya kifafa. Dawa inaisha wiki hii, na mimi naogopa.

3. Nilimbeba mgongoni, tukapanda matatu hadi ofisi ya msaada Kajiado, nikamlaza juu ya meza wamwone. Wakasema kumwona si ushahidi. Nilete barua ya aliyemponya, inayothibitisha kwamba hakumponya.

4. Majirani waliokuwa wakinisaidia kumbeba sasa wananiambia, "Mwache atembee, unamdekeza!" Hata nyanya yake ameanza kumtuma dukani chumvi, na akikaa pale pale anaitwa mvivu.

5. Kwa hiyo, ama utangaze Jumapili, kwa sauti ile ile, kwamba hakuna kilichotokea, hata chembe. Ama ummalizie kumponya kabla ya Ijumaa. Ukishindwa na yote mawili, nitakuletea Naipanoi pamoja na kijiko chake, ulee ushuhuda wako mwenyewe.

Msalimie mama mchungaji, wazee wa kanisa, na mpiga gitaa, ambaye sina ugomvi naye.

Ni mimi muumini wako, ninayekaa kiti cha nyuma karibu na mlango,
Parmuat.

Tanbihi: Nilipokuwa nikimsomea mke wangu Eunice barua hii, Naipanoi amepiga makofi. Tangu azaliwe mikono yake haijawahi kukutana. Eunice analia, na mimi sioni vizuri ninachoandika. Tafadhali, Mchungaji, usiufute muujiza wote. Futa wa miguu, karani asikie. Wa mikono tuachie.