Ribiti Elfu Mbili Mia Sita na Kumi na Nne

Jumapili, 6 Agosti 2000

Keshokutwa wanaitoa Hunley baharini, hapa hapa kwetu Charleston. Nyambizi ya vita vya kale, iliyoendeshwa kwa mikono. Ilizamisha meli ya kivita, haikurudi. Miaka mia moja thelathini na sita iko chini.

Mfano wangu wa nyambizi hiyo, wa ukubwa ule ule, uko mbele ya maktaba ya mji wetu, mwaka wa kumi na moja sasa. Mnene, wa heshima. Ribiti 2,614, zile pini za chuma, vichwa vyote vimetokeza kama vifungo vya koti, na kila kimoja nimekigonga kwa mkono wangu. Kibao cha shaba: SAWASAWA NA ILE YA KWELI, HADI RIBITI YA MWISHO.

Hatua kumi kutoka hapo, tangu mwaka jana, kuna mfano wa Delmas, kaka yake Verna mke wangu. Aibu tupu. Tangi la gesi alilolichongoa mbele na nyuma. Ribiti halina hata moja, eti kiwiko kinamuuma. Na ule mti mrefu wa kubebea bomu, ambao kila picha ya zamani inauonyesha juu, yeye kaufunga chini kabisa. Nilimuuliza sababu. Akasema mlango wa banda lake ni mfupi.

Bi Eugenia Prioleau wa maktaba anataka nyambizi moja tu kwenye nyasi zake. Nikapendekeza Hunley yenyewe iamue: itoke, kamati ya maktaba itazame, usiofanana nayo uondoke Jumamosi. Wazo langu mwenyewe! Nikaliandika, tukatia sahihi. Delmas akasema sawa, shemeji, akaendelea kumenya njugu zake za kuchemsha.

Verna hajafurahi. Pale nyuma ya nyumba nilipoijengea sasa pana nyanya zake. Amesema lile dude likirudi pale, yeye anakwenda kwa dada yake kule Augusta, na si matembezi. Nimemwambia atulie. Litarudi vipi?

Jumanne, 8 Agosti

Nimeiona.

Tulikwenda kwa boti ya Delmas, yangu inavuja. Mamia ya boti. Kreni ikavuta polepole, maji yakamwagika, na pale kwenye mikanda kikatokea kitu chembamba. Chembamba! Nikadhani wametoa kitu kingine. Nikafuta darubini kwa shati, nikatazama tena. Kimechongoka mbele, kimechongoka nyuma. Nimekiona kitu hicho kila siku mwaka mzima, hatua kumi kutoka kwenye nyambizi yangu.

Pande zote watu walikuwa wamevua kofia. Mimi nilikuwa natafuta ribiti. Nikasema kwa sauti kwamba bila shaka ziko chini ya ule ukoko wa chaza na kutu. Delmas hakunicheka. Laiti angenicheka. Alisema tu, "Harlan, mna watu mle ndani. Vua kofia."

Nikavua. Nikaendelea kutafuta ribiti.

Jumatano, 9 Agosti

Pigo la pili, tena mezani kwangu, kabla sijamaliza mayai. Verna alinisomea gazeti kwa sauti, polepole, kama mtu anayekula peremende. Wataalamu wanasema ribiti zipo, ila vichwa vimegongwa vikalala sawa na bamba, ili maji yateleze. Ukipitisha kiganja huvihisi.

Nikamwomba asiendelee. Akaendelea. Mti wa bomu ulikuwa chini.

Chini! Watu wa kale walifikiri usiku na mchana mpaka wakaufunga mti chini, na Delmas kafika hapo hapo kwa sababu ya mlango wa banda.

Nimewaandikia wataalamu barua. Nimewaeleza kwa adabu kwamba nyambizi yao inatofautiana na yangu katika mambo saba, na nikawaomba wapime upya.

Ijumaa, 11 Agosti

Hawajajibu. Nikapata dawa mwenyewe: kama vichwa havitakiwi, vichwa viondoke. Asubuhi na mapema nikaazima kwa Delmas grenda yake ya kusagia chuma, nikamdanganya ni ya geti. Akaniambia nivae miwani. Mtu mwema sana, ananichosha.

Hadi saa sita upande wa kulia ulikuwa laini kabisa. Nikapitisha kiganja. Sikuhisi kitu. Nikacheka peke yangu.

Nilichosahau ni kwamba vichwa ndivyo vilivyoshika mabamba.

Bamba la kwanza lilianguka juu ya maua ya Bi Prioleau. La pili likafuata. Kisha ubavu mzima ukashuka kwa kishindo, watu wakatoka maktaba na vitabu mikononi. Na mle ndani, juani, mbele ya mji mzima: viti tisa vya kukunja, vimepangwa mstari, kila kimoja kina mhuri wa kanisa letu. Nilivichukua mwaka 1989, viwe nafasi za mabaharia wa Hunley. Walikuwa tisa, kila mtu anajua. Nilikusudia kuvirudisha.

Bi Prioleau ndiye mtunza vifaa wa kanisa. Alivihesabu kwa kidole. "Bwana Gaskins," akasema, "mimi nilimfukuza mfagizi kwa viti hivi."

Nikazima grenda.

Jumamosi, 12 Agosti

Kamati ilikata shauri kabla barafu haijayeyuka kwenye chai yao ya baridi. Umebaki wa Delmas. Walipompa nafasi aseme neno, akasema yeye alikuwa mvivu tu. Wakampigia makofi. Kisha wakafungua kibao changu cha shaba wakakifunga kwenye tangi lake. Matundu ya skrubu yalilingana. Nimeumia mpaka nimekosa hamu ya kula.

Delmas akanibebea vipande kwa trela yake hadi nyumbani, bure. Hapakuwa na pa kuvishusha ila kwenye nyanya.

Verna alikuwa ameshafunga begi. Hakunifokea. Alisema nijifunze jambo moja tu maishani: nisijenge kitu kabla sijakiona. Nikasema ni kweli kabisa. Akaondoka na nyanya nne, zilizosalimika.

Jumatatu, 14 Agosti

Nyumba kimya. Nimekula mkate mkavu. Nimempigia Verna, nimemwambia somo limeniingia, vipande nitaviondoa, arudi. Akasema ataona mwisho wa wiki. Nikafurahi mpaka nikasahau kukata simu.

Halafu redio ikasema Hunley imelazwa kwenye tangi la maji baridi, imejaa matope mpaka juu, na haitafunguliwa hadi mwakani. Ndani mna nini, hakuna anayejua.

Hakuna anayejua! Na ya Delmas ndani ni tupu!

Nimeanza kuijenga upya saa ile ile, safari hii na ndani yake. Vipande vinabaki pale pale, vinanifaa. Kanisa limekataa kuniazima viti, lakini mbao za meza ya Verna zinatosha viti tisa, nimepima. Delmas alipita kuchukua grenda yake, akaniuliza hao mabaharia tisa nimewatoa wapi, akasema, "Subiri kwanza wafungue, shemeji." Wivu.

Mchonga vibao naye aliniuliza kama nina hakika. Nimemwambia aandike MABAHARIA TISA KAMILI, na achonge kwa kina, isifutike.