Mwezi Mwekundu na Msumari Mtupu

Jumatano, tarehe 10 Juni

Siku ya ishirini na tatu ya ndoa! Bado nikiamka namtazama Laazizi wangu amelala, najiuliza bahati hii ilikosea mlango gani ikaingia kwangu. Ananukia mkate wa moto. Usiku anakanda unga kiwandani, alfajiri ananirudia na unga kwenye nyusi. Naupenda hata huo unga!

Wingu ni moja tu. Sebuleni kwa mama mkwe, hapo chini yetu, kuna misumari miwili ukutani. Wa kwanza umebeba picha ya harusi ya wifi: fremu ya dhahabu, tabasamu kama alizaliwa amevaa gauni. Wa pili ni wetu. Mtupu! Mpiga picha wetu alisema kamera ililowa, picha zote zimekwenda, akatutakia maisha mema. Leo wifi kaja na saa ya ukutani. Kaniambia kwa sauti ya asali eti bibi harusi, msumari ukikaa bure unashika kutu, na kama hadi Jumapili hakuna picha, saa inapanda. Mama mkwe kasema sawa, Jumapili.

Nizeeke nikitazama saa ya wifi? Hapana!

Jioni redio imesema keshokutwa mwezi utapatwa. Saa tatu usiku utakuwa mwekundu mzima. Nimeruka kitandani! Mimi na Laazizi, mavazi ya harusi, mwezi mwekundu juu yetu. Wifi ana fremu ya dhahabu. Ana mwezi?

Alhamisi, tarehe 11 Juni

Sijalala. Nimeupiga mwezi picha arobaini na moja za mazoezi. Zote ni punje ya mchele kwenye sufuria nyeusi. Fundi simu wa mtaani kaniangalia kwa huruma, kaniambia shemeji, kuna sehemu ya kupigia picha gizani, bonyeza hapa. Simu ikae juu ya kitu kisichotikisika, na watu wasisogee kwa sekunde kumi na mbili. Anayesogea anatoka moshi. Nimemwambia mimi na mume wangu tunaweza kutazamana saa nzima bila kupepesa. Kakohoa.

Shida ya kwanza: mavazi. Yale ya harusi tulikodi. Lakini mimi si nafanya kazi kwa dobi, mapokezi? Nguo za mji mzima zinaning'inia nyuma yangu! Gauni la krimu limepatikana. Suti ya kijivu pia, laini kama shavu la mtoto, kadi namba 114. Dereva fulani kaileta, itachukuliwa Jumamosi. Mwenyewe hatajua kama ilitembea.

Shida ya pili: zamu ya Laazizi huanza saa mbili usiku. Msimamizi wao, wanayemwita Bwana Hamira kwa jinsi anavyofura, hatoi ruhusa. Laazizi aliomba, akaulizwa huyo mwezi ni ndugu yake wa upande gani. Basi nimempigia mwenyewe. Nimelegeza sauti, nimesema mume wangu ana homa kali na anatapika tangu asubuhi.  Kisha kasema pole sana, shemeji, kwa sauti nzito kabisa. Kumbe mpole!

Laazizi aliposikia kashika kichwa. Eti miaka minne hajakosa zamu hata moja. Nimembusu jicho hili, nimembusu na lile. Kakubali.

Ijumaa, tarehe 12 Juni

Gauni la krimu bado liko mwilini. Naandika hivyo hivyo.

Saa kumi na mbili nilipandisha ubao wa kupigia pasi juu ya paa, kati ya tangi la maji na kamba za nguo. Simu nikaifunga juu yake kwa vibanio na mkanda wa Laazizi. Haitikisiki! Tatizo likawa suruali ya suti. Ina nafasi ya watu wawili, na mkanda uko kwenye simu. Laazizi akaishikilia kwa mkono. Mzuri vile vile!

Kivuli kikaanza kuumega mwezi. Mama mkwe na wifi wakapanda kutazama. Wifi kaleta kiti chake na kejeli zake, kakaa karibu na mlango wa paa. Kauliza tunapiga picha au tunapiga pasi. Sikumjibu. Nilikuwa naenda, narudi, naenda. Nusu. Robo. Ukucha. Kisha wote: kaa la moto! Nikabonyeza, nikakimbilia kifuani kwa Laazizi. Simu ikalia. Picha imeanza.

Na mlango wa paa, ulioko nyuma yetu, ukafunguka.

Bwana Hamira! Na wakandaji wawili, kila mmoja na mkate mkononi. Walikuwa wametoka zamuni mara moja na gari la mkate, waje kumjulia hali mgonjwa. Akaiona suti. Akanyoosha kidole, akaganda. Wakandaji wakaganda. Mama mkwe mkono mdomoni, kaganda. Wifi kwenye kiti chake alikuwa anatabasamu bila kupepesa, asipitwe na kitu. Mimi nilizunguka kutafuta pa kujificha. Laazizi alijaribu kutapika, akaiachia suruali.

Simu ikalia. Picha imekwisha.

Bwana Hamira kamsogelea, kafunua koti, kasoma kadi. Mia moja na kumi na nne. Kasema kwa upole wa kutisha kwamba dereva wa kiwanda aliipeleka suti yake hiyo kwa dobi kwa ajili ya harusi ya binti yake kesho. Kisha kasema mgonjwa mwenye nguvu za kuvaa suti ana nguvu za kukanda. Wamemchukua Laazizi wangu kwa gari la mkate! Adhabu: kusugua tanuri wiki nne. Mikate wamerudi nayo.

Jumamosi, tarehe 13 Juni

Nimeipiga pasi suti mara tatu. Bosi wangu kajua. Nimetolewa mapokezi, sasa nipo nyuma kwenye mabeseni.

Picha nimeitazama. Mwezi ni shanga nyekundu, safi! Bwana Hamira anaonekana hadi vifungo. Wakandaji kama walinzi wa ikulu. Wifi hajawahi kupendeza hivyo maishani. Mimi na Laazizi ni moshi. Wa krimu na wa kijivu.

Jumapili, tarehe 14 Juni

Picha imepanda msumarini! Mama mkwe kasema hajaona picha ya bintiye nzuri kama hii. Wifi kaleta fremu mwenyewe. Ya dhahabu. Wageni wakiuliza ule moshi ni nini, mama mkwe anawajibu ndio maharusi wenyewe.

Laazizi karudi mweusi kwa masizi. Kaitazama, kacheka hadi kakaa sakafuni. Kasema tumechanganyika, haijulikani yupi mume yupi mke, hataki picha nyingine. Nimelia kidogo.

Lakini msumari ni wetu! Redio inasema mwezi utapatwa tena kabla ya mwaka kuisha. Na kosa langu nimeliona: ni ugonjwa. Mgonjwa hutembelewa. Safari ijayo nitamwambia Bwana Hamira kwamba tumefiwa. Mfiwa huachwa peke yake, hakuna atakayekuja.

Tena jana kwenye mabeseni nimeona suti nyeusi, namba 131. Kiuno chembamba. Haitahitaji mkanda.