Nyota Yenye Mkia Nyuma ya Tangi la Maji

Jumatatu, 13 Januari 2025
Kuna nyota yenye mkia! Redio imesema imekaribia jua mno, kuipiga picha ni kazi ya fundi. Fundi ni mimi. Griffin wa studio ya ng'ambo ya barabara ana simu tu.

Mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Amesema aliwahi kuona nyota kama hiyo akichunga ndama, kabla hajaolewa. Anataka kuiona hii kabla ya upasuaji wa wiki ijayo, maana daktari hakumwahidi kitu. Akaomba nimpeleke mbugani jua likishazama. Nikamwambia asijisumbue, nitamletea picha kubwa kama mlango.

Jumatano, 15 Januari
Siri ya kazi: ficha jua nyuma ya kitu, upige pembeni yake. Nimechagua tangi la maji juu ya hoteli. Lakini kivuli hakitulii! Kinasogea, nami nasogea, jicho kwenye kamera, hadi nikakalia karai la Abdia wa mahamri. Mafuta yalikuwa yamepoa, alhamdulillahi. Abdia bado.

Wakati huohuo jua likachungulia pembeni ya tangi, likaingia lenzi nzima. Haidhuru. Kwenye picha kuna alama nyeupe yenye kamkia. Nimeipata!

Ijumaa, 17 Januari
Nimechapisha nakala thelathini. Moja iko dirishani, inamtazama Griffin. Mama aliisogeza yake hadi puani, akasema ni nzuri, akauliza mbugani tutaenda lini. Ya nini tena? Watu wengine hawaridhiki.

Jumamosi, 18 Januari
Nimepiga picha harusi ya Hodan. Nyota ipo kwenye shavu la bi harusi. Ipo kwenye kilemba cha shehe. Ipo hata kwenye pilau!

Griffin alitazama, akasema polepole kwamba jua limeunguza kamera yangu ndani. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Jumapili, 19 Januari
Nimerudi nyumbani saa ya magharibi, Mama hayupo. Griffin alikuwa amempakia pikipiki hadi mbugani.

Amerudi macho yamelowa. Ameiona, anasema, kama maziwa yaliyomwagika kwenye ngozi. Anasema aliniulizia mara mbili njiani. Nimeumia sana, naandika kama ilivyo.

Nikamwuliza Griffin amepiga picha ngapi. Hata moja. Alikuwa amemshika Mama mkono asijikwae.

Jumanne, 21 Januari
Tuko hospitalini Malindi. Upasuaji umekwisha salama. Kesho asubuhi wanafungua bandeji. Mama ameomba jambo moja tu: akifumbua macho, auone uso wangu kwanza.

Nimeahidi, na safari hii simwangushi. Nimeazima kamera, kubwa kuliko ile, na nimeshapima pa kusimama. Dirisha liko nyuma ya kitanda na jua la asubuhi linaingia moja kwa moja, lakini hilo nitalificha nyuma ya kichwa chake.